Saa Iliyomo Mwilini: Maelezo ya Mwendo wa Kutwa-Kucha na Wakati wa Usingizi

Msemaji wa Kiswahili husema saa moja ya asubuhi pale ambapo msemaji wa Kifaransa amekwisha kuhesabu saa saba. Tofauti hiyo ya saa sita huwasumbua wageni, lakini asili yake ni nyepesi: Kiswahili huanza hesabu jua linapochomoza, wala si katikati ya usiku ambapo hakuna anayeona dalili yoyote. Hesabu ya namna hii hufaa mahali ambapo jua halibadili desturi yake. Mjini Kisangani, karibu kabisa na ikweta, mchana wa Juni na mchana wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache tu. Mjini Lubumbashi, digrii 11 na zaidi kusini, mchana mrefu kuliko yote huuzidi ule mfupi kwa saa moja na dakika 20 hivi. Mjini Paris tofauti hiyo hukaribia saa nane. Huko, mtu atakayehesabu saa zake kwa mawio ya jua hatakosa kuachwa na treni.

Elimu ya viumbe ya nusu karne iliyopita imeonyesha kwamba mwili wa binadamu nao una saa, na kwamba saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga wa asubuhi na giza la jioni. Saa hiyo haimo moyoni, wala haimo katika nia ya mtu. Imo ndani ya seli, nayo imeundwa kwa jeni na protini. Jambo hili lina uzito wake, kwa maana watu huhukumiwa vikali kwa saa za kulala kwao: kijana anayechelewa kuamka huitwa mvivu, mzee anayesinzia magharibi hudhaniwa ameichoka dunia, na mgonjwa anayelala adhuhuri na kuzurura usiku wa manane husemwa amerogwa. Makala hii yakusudia kueleza saa hiyo inavyofanya kazi, kisha kuonyesha maana yake kwa ugonjwa ambao Kongo imeujua kuliko nchi yoyote nyingine, yaani malale.

Kwanza neno. Mwaka 1959 mtaalamu Franz Halberg aliunda kwa maneno ya Kilatini jina lenye maana ya "karibu na siku nzima", nalo ndilo linalotumiwa na wataalamu duniani kote. Waandishi wengine wa Kiswahili hulichukua kwa sauti yake na kuandika "sakadiani". Hapana ubaya, lakini lugha yenyewe ina jozi iliyo wazi zaidi. Mtu hufanya kazi mchana kutwa, yaani mpaka jua lichwe. Mtu hukesha usiku kucha, yaani mpaka kupambazuke. Jozi ya kutwa na kucha huuzunguka muda wote wa saa 24, na tena hutaja hasa zile nyakati mbili ambazo saa ya mwili huzitegea. Neno la Kilatini halifanyi hivyo. Kwa sababu hiyo makala hii itasema mwendo wa kutwa-kucha.

Kwamba viumbe hawafuati jua kama watumwa ni jambo lililogunduliwa zamani. Mwaka 1729 mwanachuoni Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alizungumzia mmea wa jamii ya kifaurongo, ambao hufungua majani mchana na kuyakunja jioni. Mmea ulifungiwa gizani, hata hivyo majani yaliendelea kufunguka na kukunjika kwa nyakati zake, kana kwamba yalilijua jua bila kuliona. Mwaka 1962 Mfaransa mwingine, Michel Siffre, alijifanya yeye mwenyewe kuwa mmea huo. Alishuka katika pango la Scarasson, katika milima ya Alpi, tarehe 16 Julai, bila saa ya mkono wala redio ya kumpa habari za wakati. Alipotolewa tarehe 14 Septemba alisadiki kwamba ilikuwa bado tarehe 20 Agosti. Akili yake ilikuwa imepoteza siku 25. Mwili wake, kinyume chake, haukupotea: alikuwa amelala na kuamka kwa mzunguko wa takriban saa 24 na nusu, siku baada ya siku. Mwaka 1999 wataalamu wa Boston waliopima kwa uangalifu zaidi, katika vyumba vyenye mwanga hafifu, walipata wastani wa saa 24 na dakika 11. Basi saa ya mwili huchelewa kidogo kila siku, na isiporekebishwa humwacha mwenye nayo nyuma ya jua.

Mlango na makomeo

Yafaa kuuliza: saa isiyo na gurudumu wala kamani yawezaje kuhesabu? Jibu lilianza kupatikana kwa inzi. Mjini Pasadena, California, mwanafunzi Ronald Konopka, chini ya mwalimu wake Seymour Benzer, aliwachunguza inzi wa matunda, wadudu wadogo kuliko punje ya mchele. Inzi hao hutoka katika ganda lao karibu na mapambazuko, wakati hewa ingali na unyevu. Konopka aliwapa kemikali ya kuharibu jeni mojamoja, kisha akawatafuta wale waliotoka kwa saa isiyo yao. Alipata koo tatu. Ukoo wa kwanza ulikuwa na siku ya saa 19, wa pili siku ya saa 28, na wa tatu haukuwa na siku hata kidogo. Ajabu yenyewe ni kwamba mageuko yote matatu yalitokea mahali pamoja, katika kromosomu X. Jeni moja, ikiguswa hivi, iliikimbiza saa. Ikiguswa vile, iliichelewesha. Ikivunjwa, saa ilikufa. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1971, na wengi hawakusadiki kwamba jambo pana kama tabia ya kiumbe lingeweza kuegemea jeni moja.

Jeni hiyo ilipewa jina la period. Iliwezekana kuitenga mwaka 1984, na vikundi viwili vilishindana kufanya hivyo: cha Jeffrey Hall na Michael Rosbash katika Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, na cha Michael Young katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Kuitenga hakukueleza kitu mara moja. Ufunguo ulipatikana mwaka 1990, Paul Hardin, pamoja na Hall na Rosbash, alipoonyesha kwamba nakala za jeni hiyo ndani ya seli za inzi huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa saa 24, na kwamba protini inayotokana na jeni ndiyo inayoamua nakala ziongezeke lini. Jeni, kwa maneno mengine, hutengeneza kitu kinachokuja kuinyamazisha jeni yenyewe.

Mfano waweza kusaidia. Katika kila seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi za DNA zilizobeba jeni. Tuseme kiini ni nyumba ya mfalme. Mlango ukiwa wazi, wajumbe hutoka wakichukua amri. Wajumbe hao ni molekuli za RNA. Hufika kwa wahunzi walioko uani, na wahunzi hufua kile walichoamriwa. Ila amri yenyewe ni ya ajabu: huwataka wafue makomeo ya mlango wa mfalme. Komeo moja halitoshi kitu, tena likiwa peke yake huoza njiani. Lakini makomeo yanapozidi, hushikamana mawili mawili, huingia ndani na kuufunga mlango. Wajumbe hawatoki tena. Wahunzi hukaa bure. Taratibu kutu huyala makomeo yaliyopo, mapya hayaji, na hatimaye mlango hufunguka wenyewe. Hapo siku mpya huanza.

Katika inzi, komeo ni protini ya PER, na mwenzi wake ni protini iitwayo TIM, ambayo jeni yake ilitangazwa na kikundi cha Young mwaka 1994. Protini ya TIM haivumilii mwanga: jua likipambazuka huharibiwa, na hivyo mapambazuko huigusa saa moja kwa moja. Ipo pia ile kutu. Mwaka 1998 kikundi hichohicho kilieleza jeni ya kimeng'enya kinachobandika vipande vya fosfati juu ya PER na kuitia alama ya kuvunjwa. Hapa ndipo penye siri ya urefu wa siku. Kama makomeo yangeufunga mlango mara tu yanapofuliwa, mzunguko ungemalizika kwa saa chache tu. Kwa kuwa PER huvunjwa inapoanza kujikusanya, kujaa kwake huchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoufanya mzunguko uwe wa saa 24. Saa hii, basi, hupima wakati kwa uharibifu. Jambo jingine la kustaajabisha ni kwamba mwendo wake haubadiliki sana kwa joto, ingawa kemia nyingi huenda mbio joto likizidi. Saa ambayo ingekimbia adhuhuri na kutambaa usiku isingemfaa inzi wala mjusi.

Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Konopka alikuwa amefariki mwaka 2015 na Benzer mwaka 2007, na tuzo hiyo haipewi marehemu.

Mtu si inzi, lakini fundi ni mmoja. Mwaka 1994 kikundi cha Joseph Takahashi, karibu na Chicago, kilitangaza panya mwenye saa iliyoharibika, na mwaka 1997 kikaitenga jeni iliyohusika, iliyoitwa Clock. Katika panya na katika binadamu protini mbili, CLOCK na BMAL1, ndizo zinazofungua mlango. Protini za aina ya PER na aina ya CRY ndizo makomeo. Mlango unaofunguliwa haukuwa wa jeni za saa peke yake. Maelfu ya jeni nyingine, za ini, za moyo, za figo, hufuata mwendo huohuo, kila kiungo kwa kazi zake.

Jicho lisilotazama

Ikiwa kila seli ina saa yake, nani huzipatanisha? Mwaka 1972 vikundi viwili vya Marekani vilivyokuwa vikiwachunguza panya vilionyesha kwamba mnyama aliyeondolewa sehemu ndogo mno chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, hupoteza kabisa mpango wa kulala na kuamka. Sehemu hiyo ina neva 20,000 hivi, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Ushahidi mzuri kuliko wote ulikuja mwaka 1990. Miaka miwili kabla yake alikuwa ametangazwa hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ambaye siku yake ilikuwa ya saa 20 kwa kurithi. Wataalamu walichukua sehemu hiyo ya ubongo kutoka kwa watoto wa ukoo huo na kuipandikiza kwa hamsta wa kawaida aliyeondolewa ya kwake. Aliyepokea akaanza kuishi siku ya saa 20. Alikuwa amepewa wakati wa mwenziwe. Mwaka 2000 ilibainika kwamba jeni iliyogeuka kwa hamsta hao ni ya kimeng'enya kilekile cha kutu, katika umbo lake la wanyama wanyonyeshao.

Mwanga nao hufika huko kwa njia ambayo haikutazamiwa. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilifundisha kwamba jicho lina aina mbili za seli za kupokea mwanga, moja ya mchana na moja ya usiku. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake waliripoti protini mpya katika ngozi ya chura, wakaiita melanopsini. Mwaka 2002 ikathibitika kwamba imo pia katika seli chache zilizo nyuma ya jicho la mnyonyeshaji, na kwamba seli hizo zenyewe hupokea mwanga, hasa wa buluu, na kupeleka habari moja kwa moja kwenye saa kuu. Hazichori sura ya kitu chochote. Hupima tu kama kumekucha au kumekuchwa. Ndiyo sababu vipofu wengine, ambao seli hizo zingali hai, huishi na jua vizuri, ilhali wengine ambao macho yao yameharibika kabisa husogea polepole nyuma ya saa za jirani zao, wiki hii wakilala usiku, baada ya wiki chache wakilala mchana.

Mwanga wa asubuhi huivuta saa mbele. Mwanga wa jioni na wa usiku wa mapema huirudisha nyuma. Nguvu yake si ya kudharauliwa, wala si sawa na ya taa: mwanga wa nje, hata chini ya mawingu, hupita mara nyingi ule wa chumba chenye balbu. Mkulima anayetoka alfajiri kwenda shamba huitegea saa yake kila siku bila kukusudia. Karani anayeshinda ndani na kutazama simu kitandani huirudisha nyuma, kisha hushangaa kwamba usingizi haumjii.

Familia ya Utah, na deni la usingizi

Mambo haya yangebaki ya panya na inzi kama isingekuwa familia moja ya Utah, Marekani, iliyoelezwa mwaka 1999. Watu wake wengi walishikwa na usingizi saa moja na nusu za usiku na kuamka saa kumi na nusu za alfajiri, wakiwa wazima kabisa, ila wakiwa peke yao duniani kwa saa kadhaa. Kilichowasumbua kilikuwa upweke zaidi kuliko uchovu. Mwaka 2001 chanzo kilipatikana: katika protini ya PER2, yenye asidi-amino 1,255, mmoja tu, ule wa 662, ulikuwa umebadilishwa, serini ikaondoka na glisini ikakaa mahali pake. Ni pale hasa ambapo fosfati hubandikwa. Herufi moja katika andiko refu, na mtu hulala kabla ya majirani hawajala chakula cha jioni. Mwaka 2017 kikundi cha Young kilieleza upande wa pili, mgeuko wa jeni ya CRY1 unaolifanya komeo ling'ang'anie zaidi. Wenye mgeuko huo huchelewa kulala kwa saa mbili na zaidi, nao hurithishana hali hiyo katika familia. Mwalimu aliyemwita mmoja wao mvivu alikuwa akiilaumu protini.

Saa peke yake haitoshi kueleza usingizi. Mwaka 1982 Alexander Borbély wa Zurich alipendekeza kwamba mambo mawili hukutana: saa, na deni. Deni hukua kadiri mtu anavyokaa macho, na hulipwa kwa kulala. Sehemu ya deni hilo ni molekuli ya adenosini, inayojikusanya katika ubongo kwa kazi ya mchana. Kahawa na chai hazilipi deni. Kafeini hukaa tu mahali ambapo adenosini ingekaa, na mdai huonekana kama hayuko mlangoni. Wanafunzi wa chuo kikuu wanaokesha kabla ya mtihani, au wanaongoja umeme urudi saa tano za usiku ndipo wafungue daftari, huijua hali hii kwa vitendo: saa tisa za usiku deni ni kubwa na saa nayo imeshuka chini kabisa, joto la mwili limepungua, homoni ya melatonini imejaa damuni. Asubuhi deni halijalipwa, lakini saa imepanda tena, na kijana hujiona ana nguvu. Nguvu hiyo ni ya saa. Deni liko palepale.

Tena vijana wana udhuru wa kweli. Tangu balehe saa yao husogea nyuma mwaka baada ya mwaka, hufika mwisho karibu na umri wa miaka 20, kisha hurudi mbele hadi uzeeni. Mwalimu wa miaka 60 aliye macho alfajiri na mwanafunzi wa miaka 19 anayesinzia katika somo la kwanza wanatenganishwa na kemia zaidi kuliko na tabia. Wahadzabe wa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wameonyesha jambo linalohusiana na hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wao, pamoja na makabila mengine mawili ya wawindaji, hawalali jua linapochwa, bali saa tatu hivi baadaye, na mara nyingi huamka kabla halijachomoza. Mwingine, wa mwaka 2017, uliwapima watu wazima 33 kwa siku 20: dakika zote ambazo watu hao wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Vijana walikesha, wazee waliamka mapema, na kambi haikukosa mlinzi. Yumkini tofauti za saa kati ya watu ziliwahi kuwa na faida kubwa.

Zamu za usiku za migodini na za hospitali hazina faida hiyo. Mlinzi wa zamu hulala mchana, lakini kila asubuhi akirudi nyumbani jua huirekebisha saa yake kinyume cha kazi yake, na ini lake, ambalo hufuata zaidi wakati wa kula, hubaki kati ya amri mbili. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya usiku mwaka 2007, na tena mwaka 2019, katika kundi la mambo ambayo pengine husababisha saratani.

Malale

Jina la malale latokana na kulala, kama vile Kifaransa nacho kinavyouita ugonjwa wa usingizi. Chanzo chake ni kijidudu kiitwacho tripanosoma, kinachoingizwa na mbung'o anayeuma. Aina ya Afrika ya Kati na ya Magharibi, gambiense, ndiyo yenye karibu wagonjwa wote. Kwanza kijidudu hukaa katika damu na tezi kwa miezi au miaka, kisha huingia katika ubongo. Mwaka 1998 Kongo peke yake iliripoti wagonjwa zaidi ya 26,000, kati ya karibu 38,000 wa Afrika nzima, na huo ulikuwa wakati wa vita, ambapo vijiji vingi havikufikiwa na mtu wa kupima. Kazi ya vikundi vya kutembea vijijini, vyenye wauguzi wa Kongo, imepunguza hesabu hiyo sana: tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka hawajafika 1,000, na wengi wao bado ni wa Kongo.

Jina lenyewe limepotosha watu. Limewafanya waamini kwamba mgonjwa hulala kupita kiasi. Lakini mganga Mfaransa Alain Buguet na wenzake walipopima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa Kiafrika kwa saa 24 mfululizo, hawakukuta usingizi mwingi zaidi. Walikuta usingizi uleule uliotawanywa: vipande vya mchana, vipande vya usiku, na ndoto zikiingia mara mtu anapofumba macho, jambo ambalo kwa mtu mzima wa afya halitokei. Kadiri ugonjwa ulivyoendelea, ndivyo mpaka kati ya kutwa na kucha ulivyofutika. Mgonjwa wa malale hakuzidiwa na usingizi. Amenyang'anywa wakati wake.

Maelezo ya molekuli yalichelewa kuja. Mwaka 2018 Filipa Rijo-Ferreira, Luisa Figueiredo, Joseph Takahashi yuleyule wa panya wa Clock, na wenzao wa Lisbon na Dallas, walionyesha kwamba panya walioambukizwa tripanosoma huwa macho katika saa zao za kupumzika, na kwamba mzunguko wa jeni za saa katika viungo vyao hufupika. Hata seli zilizokuzwa katika chupa, zikiwekwa pamoja na vijidudu, saa yao huenda mbio. Mwaka mmoja kabla yake baadhi ya watafiti haohao walikuwa wameonyesha kwamba tripanosoma naye ana mwendo wa kutwa-kucha wa kwake: jeni zake za kutumia chakula hupanda na kushuka kila siku, na uwezo wake wa kustahimili dawa hubadilika kwa saa. Matokeo ya panya hayawi ya binadamu kwa kutamkwa tu. Hata hivyo yanakubaliana na yale waliyoona waganga wa vijijini kwa miaka mia.

Haya yana matumizi. Muuguzi anayefika kijijini huuliza jamaa kama mgonjwa "analala sana". Jamaa, akijibu kwa uaminifu, aweza kusema hapana, kwa kuwa usiku mzima amemsikia akitembea uani. Swali lenye faida zaidi ni la wakati: hulala saa ngapi, huamka saa ngapi, na tangu lini saa hizo zimegeuka? Jibu si uthibitisho, maana ugonjwa hujulikana kwa kipimo cha damu, cha tezi na cha maji ya uti wa mgongo, lakini laweza kumpeleka mtu kwenye kipimo mapema. Zamani kuchelewa kulikuwa na gharama ya kutisha: aliyekwisha kuingiliwa ubongoni alitibiwa kwa melarsoproli, dawa yenye aseniki iliyoua wagonjwa wapatao watano katika kila mia. Mwisho wa 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku kumi, baada ya majaribio ambayo kwa sehemu kubwa yalifanywa nchini humohumo.

Swali hilo la wakati huulizwa kwa Kiswahili, na jibu huandikwa kwa Kifaransa. Mama akisema mwanawe hushikwa na usingizi saa nne za asubuhi, kitabu cha zahanati chapaswa kuonyesha saa 10. Karani akisikia nne na kuandika 4, mgonjwa aliyeanguka usingizini katikati ya soko atasomwa na daktari wa mjini kuwa mtu aliyelala alfajiri kama watu wote. Makosa ya saa sita katika hati ya ugonjwa mwingine hayadhuru sana; katika hati ya malale huifuta dalili yenyewe. Walimu wanaofundisha Kiswahili kwa wauguzi wangefanya vema kuanza na somo la saa, kabla ya ngeli, na kudai kwamba kila saa itakayoandikwa ifuatane na neno lake: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, au usiku.